Kwa mweka hazina mpya: mgao kwanza, mchango baadaye

Mbeya

Rafiki yangu mpendwa,

Kamwene. Barua yako imenifikia, nami nimefurahi kusikia kwamba kikundi chenu cha huko Mafinga, Mufindi, mkoani Iringa, kimekukabidhi uweka hazina wa mfuko wa wahitaji. Umeniuliza muanze vipi kuchangisha. Jibu langu ni kwamba msianze kuchangisha bado. Pangeni mgao kwanza. Watu wa kwetu hawachoki kutoa, wanachoka kutoa wasijue kilichotolewa kimeishia wapi. Mtu akiambiwa mapema kwamba elfu kumi yake itanunua nini, itakwenda kaya ya namna gani na mwezi upi, anatoa, na mwakani hasukumwi.

Tazama kalenda kabla ya kitu kingine. Nyanda za juu kusini tuna msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili au Mei. Fedha huonekana baada ya mavuno, tangu Juni hadi Oktoba hivi, mahindi, viazi, mpunga na kahawa vinapouzwa. Shida hubana Januari hadi Machi: akiba ya chakula imekwisha, fedha imeingia kwenye mbolea na palizi, shule zimefunguliwa, na mtoto wa kidato cha kwanza anadaiwa sare, godoro na sanduku. Kati ya fedha kupatikana na fedha kuhitajika ipo nusu mwaka. Vikundi vingi huitisha harambee Januari kwa kuwa ndipo wanapoiona shida, wakakuta mchangiaji naye hana kitu. Nyie wa Mufindi mnao wanaolipwa kila mwezi kwenye chai na mbao, hao waombeni mchango wa kila mwezi. Mkulima mwombeni Julai, na mwombeni mahindi.

Sasa orodha ya wahitaji. Isiandikwe na mtu mmoja, hata awe mwenyekiti wa kitongoji. Majina yatoke kwa watu wa aina tatu wasiokaa pamoja: viongozi wa kitongoji, walimu, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Jina lililotajwa na wawili kati yao litembelewe kwanza. Watembeleaji wawe wawili, wasio ndugu wa kaya hiyo, na wajaze fomu ya ukurasa mmoja: wanaokula hapo ni wangapi na umri wao, nani analeta kipato, shamba lina ukubwa gani na limelimwa au limekodishwa, usingizini watoto wanajifunika nini, mgonjwa yupo au hayupo. Ulizeni pia kama kaya ipo kwenye mpango wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Ikiwa ipo, isiondolewe papo hapo, ila mjue kinachoingia ili msirudie kilekile.

Sababu ya mtu kusaidiwa isisomwe hadharani. Utafiti wa VVU wa 2022/2023 uliiweka Njombe juu kabisa nchini, asilimia 12.7 ya watu wazima, na Iringa asilimia 11.1. Bibi wengi huku wanalea wajukuu yatima. Jina likisomwa mkutanoni na sababu yake, mtoto huyo ataisikia shuleni siku ya pili. Mkutano upewe vigezo na idadi ya kaya, majina wabaki nayo wajumbe wa kamati na afisa ustawi wa jamii. Na msipige picha watu wakipokea unga. Pigeni picha ya magunia kwenye mizani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inalinda taarifa za watu hawa kama inavyolinda za wengine, lakini hata isingekuwepo, mtu mzima asiyeweza kukataa kupigwa picha kwa sababu ana njaa hajakubali.

Orodha ikipatikana, pigeni hesabu ya chakula. Mtu mmoja huhesabiwa gramu 400 za nafaka kwa siku. Kaya ya watu watano ni kilo 2 kwa siku, kwa hiyo gunia la kilo 100 linakwenda siku 50. Januari hadi mwisho wa Machi ni siku 90, yaani kilo 180 kwa kaya. Kaya nyingi hazikosi kabisa, zina viazi, zina kibarua cha hapa na pale, hivyo nusu inatosha: kilo 90, zitolewe mara tatu, kilo 30 kila mwezi. Msitoe zote siku moja. Mzigo mkubwa ndani ya nyumba yenye madeni huuzwa wiki hiyohiyo kwa bei ya kutupa. Kaya 20 kwa mpango huo zinahitaji kilo 1,800, nanyi sasa mnaweza kusimama mbele ya watu mkasema: tunatafuta magunia 18.

Lakini mahindi peke yake hayatoshi, na hili naomba ulisimamie kwa nguvu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba mkoani Iringa asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa nchi ni asilimia 30. Mkoa unaolisha wengine! Mtoto anashiba ugali mchana na jioni, mama yuko shambani au kwenye chai tangu alfajiri, maharage yameuzwa, yai limepelekwa sokoni. Kwa kaya yenye mjamzito au mtoto wa chini ya miaka miwili, punguzeni mahindi, ongezeni maharage, karanga na dagaa. Gramu 60 za maharage kwa mtu kwa siku, kwa watu watano siku 90, ni kilo 27. Na mama huyo mkimlipia kibarua wa palizi kwa siku chache ili abaki na mtoto, mmemsaidia kuliko gunia la pili.

Kabla ya kulipia matibabu au shule, ulizeni kwanza kama kitu hicho kinadaiwa kweli. Sera ya afya inawasamehe wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Mzee anayetozwa aende kwanza kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, na mjumbe wenu mmoja amsindikize, maana peke yake atarudishwa kwa kukosa barua ya mtendaji. Elimu bila ada ilianza 2016, kwa hiyo msilipe ada ya sekondari ya serikali ya kutwa. Lipieni sare, viatu, madaftari, taulo za kike, chakula cha mchana, na huko kwenu sweta. Juni na Julai baridi ya Mufindi inamtoa mtoto darasani. Sare ilipwe kwa fundi, mtoto apimwe mwili, isinunuliwe kwa kukadiria.

Sasa kuchangisha. Msingi ni ada ya wanachama, ndogo, ya kila mwezi, isiyobadilika. Hiyo ndiyo igharamie karatasi, nauli za watembeleaji na makato ya benki, ili mchango wa mhitaji usiguswe. Hapo mnaweza kumtazama mchangiaji machoni na kumwambia kwamba shilingi yake yote inafika.

Kadi za mchango zichapwe na namba mfululizo, na daftari lioneshe kadi namba ngapi hadi ngapi amepewa nani. Kadi isiyorudi ihesabiwe kama fedha isiyorudi. Ahadi si fedha: iandikwe kwenye daftari lake, na msinunue kitu chochote kwa kutegemea ahadi. Ahadi hufuatwa ndani ya siku 30. Ikipita miezi mitatu aliyeahidi anaanza kuwakwepa barabarani, mkakosa fedha na mtu pia.

Mnada wa mazao baada ya ibada huingiza vizuri, kwa sababu jogoo mmoja hununuliwa, akarudishwa, akanadiwa tena mara tatu nne. Ndipo fedha inapopotea pia. Mnadishaji anashika noti mkononi, huku mwingine anasema nitaleta jioni. Wekeni meza moja yenye watu watatu: mmoja anapokea, mmoja anaandika stakabadhi, mmoja anaandika kwenye karatasi jina, kitu na kiasi, wadaiwa upande wao. Mnadishaji asiguse noti hata moja. Mwisho fedha zihesabiwe palepale, mbele ya watu, kwa mafungu: elfu kumi ngapi, elfu tano ngapi, elfu mbili, elfu moja, mia tano, sarafu. Jumla ilingane na stakabadhi, wote watatu wasaini, na zipelekwe benki au kwa wakala kesho yake asubuhi. Pungufu likionekana hapo mezani hupatikana maelezo yake. Likionekana baada ya wiki hupatikana ugomvi.

Mchango wa mahindi upokewe kwa mizani. Debe lipo la kilele na lipo la kufutwa, na gunia la lumbesa, lile lililojazwa kupita kipimo, linajulikana. Andikeni kilo. Kisha pimeni unyevu: chukueni chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tieni mahindi na vijiko viwili vya chumvi iliyokaushwa juani, tikiseni dakika moja, iacheni robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15, yarudi juani. Isipoganda, bado anikeni siku moja zaidi, kwa sababu mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yawe na unyevu wa asilimia 13 hivi. Mahindi mabichi ghalani huota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu ambayo kupika hakuiondoi. Wekeni kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ile ya tabaka tatu: kila mfuko wa ndani utolewe hewa na kufungwa peke yake, usitobolewe, usikae juu ya sakafu bila mbao. Dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi, hufa humo bila dawa. Viazi msivitunze, viuzeni wiki hiyohiyo.

Ya simu: fungueni lipa namba, yaani namba ya kupokelea malipo ya simu, kwa jina la kikundi. Namba ya mweka hazina isitangazwe hata mara moja, hata kwa dharura. Mwenye namba akifariki, fedha za wahitaji zinaingia kwenye mirathi, na kikundi kinaanza kuzunguka mahakamani. Mkimtumia mhitaji fedha kwa simu, tumeni pamoja na ya kutolea.

Benki iwe na watia saini watatu, lolote lipitishwe na wawili, na kati yao wasiwepo mume na mke wala ndugu. Fedha ndogo ya mkononi ikae kwenye kasha la kufuli tatu kama la VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, funguo kwa watu watatu, kasha kwa wa nne. Wekeni kiwango ambacho mwenyekiti, katibu na wewe mnaweza kuidhinisha kwa simu siku hiyohiyo, kwa ajili ya mama mwenye uchungu usiku au nyumba iliyoungua. Zaidi ya hapo, kikao. Mimi ningetenga sehemu moja kati ya tano ya mfuko kwa dharura, na Desemba isipotumika iingie kwenye chakula cha Januari.

Kila malipo yawe na hati ya malipo, risiti ya muuzaji, na sahihi au dole gumba la aliyepokea. Inapowezekana mlipeni muuzaji moja kwa moja. Kila robo mwaka wanachama wawili wasio kwenye kamati walinganishe nakala za stakabadhi na daftari la fedha, waangalie kama kuna namba iliyorukwa, kisha wachague kaya tano na kuziuliza zilipokea nini. Hilo la mwisho ndilo linalorukwa sana, nalo ndilo linalogundua mengi, kwa kuwa karatasi huweza kuwa safi na gunia likawa limeishia njiani.

Mtaombwa kwa machozi mchanganye mfuko huu na mambo mawili. La kwanza ni misiba. Kufa na kuzikana kuwe na daftari lake na mchango wake, la sivyo jeneza na basi la kusafirisha mwili vitamaliza chakula cha kaya 20. La pili ni mikopo. Mwanachama akikopeshwa fedha ya wahitaji akashindwa kulipa, mtamdai mwenzenu kwa jina la yatima, na wachangiaji wote watajua. Anayetaka mkopo aende VICOBA, au kikundi chake kiombe ule wa asilimia 10 wa halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Zaka nayo itengwe: wanaostahili wametajwa makundi manane katika Kurani, kwa hiyo ndugu zetu Waislamu wakiwakabidhi zaka, isinunue hata kalamu ya kikundi.

Taarifa ibandikwe ubao wa kijiji, kanisani na msikitini, mistari minne tu: salio la mwanzo, kilichoingia, kilichotoka na kimenunua nini, salio la mwisho. Iandikwe kwa kilo na kaya, si shilingi pekee. Usajili muufanye mapema kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri, benki itadai cheti hicho pamoja na katiba na muhtasari wa kikao.

Watembeleaji wenu wakishamaliza kutembelea kaya, nitumie idadi ya kaya na umri wa watoto, bila majina. Nitakupigia hesabu ya mahindi, maharage na mifuko, ikufikie kabla ya Juni uweze kusimama nayo kwenye mavuno.

Wasalimie wote nyumbani.

Rafiki yako