Faili la mama linaishia getini

Mhariri,

Nimesoma gazeti lako kwa zaidi ya miaka ishirini bila kukuandikia, hata mlipokosea jina la kata yetu mara mbili katika ukurasa mmoja. Ila ile habari yenu ya wiki iliyopita kuhusu kuziunganisha famasi za mitaani na mifumo ya kompyuta ya hospitali imenishinda kuinyamazia, hasa pale mlipompa nafasi kubwa mtu anayedai kuwa jambo hilo halina haraka.

Mama yangu ana miaka 74. Moyo wake hupiga bila mpangilio, na kwa sababu hiyo anameza warfarini ili damu isigande. Kila mwezi hupimwa hospitalini, na majibu yake pamoja na dozi huingizwa kwenye kompyuta, maana tuliambiwa kwa fahari kwamba mambo ya karatasi yamepitwa na wakati. Jumapili moja ya Februari jino lilimsumbua, akaenda famasi iliyo jirani na kijiwe cha bodaboda. Kijana wa pale hakuwa mzembe: alimuuliza anatumia dawa gani nyingine, naye akajibu kama wazee wanavyojibu, kwamba anameza za presha na "kile kidogo cha waridi". Kijana angefanya nini na jibu hilo? Alimpa metronidazoli, dawa inayolizuia ini lisiivunje warfarini, hivyo nguvu yake ikazidi mwilini. Alhamisi asubuhi nilikuta mswaki wake mwekundu, mto una madoa, na mkojo, ambao alikuwa akiuficha kwa aibu tangu juzi yake, una rangi ya juisi ya rozela. Kipimo cha kuganda kwa damu, ambacho kwake hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3, kilisoma 9. Daktari wa zamu alifungua kompyuta, akalipitia faili lote kwa nusu dakika, kisha akaniuliza kwa ukali ni nani aliyempa mgonjwa wa warfarini metronidazoli. Nilimjibu kwamba ni mtu asiyeruhusiwa kuona anachokiona yeye.

Wala nisiambiwe kwamba mtandao haufiki famasi. Peleka kadi ya bima kwenye famasi iliyosajiliwa kuipokea, na papo hapo watakuambia kama kadi ni hai au imekufa. Yaani habari za malipo zimekwishapata njia, za dawa ndizo zimekwama. Hoja ya siri ya mgonjwa naikubali, kwa kuwa muuza dawa ni jirani na yapo maradhi ambayo mtu hataki mtaa uyajue, na orodha ya dawa nayo husema ugonjwa. Lakini tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mfamasia hahitaji kusoma maisha yote ya mtu. Aone dawa anazotumia, mzio wake, na hali ya figo na ini, na afunguliwe tu kwa namba ya siri itakayokuja kwenye simu ya mgonjwa mwenyewe au ya mwanawe.

Na hapo sijagusa vile vijibahasha vya dirisha la dawa, vilivyoandikwa "1x3" kwa kalamu na hakuna jina la dawa. Mama alikuwa navyo vinne ndani ya kopo la siagi. Hata angevibeba vyote siku ile, kijana angekisia tu.

Ikiwa kuunganisha kompyuta bado kunahitaji vikao, basi naomba viwanda vya khanga vitusaidie. Pale panapokaa jina pachapishwe: WARFARINI MILIGRAMU 5, USINIPE METRONIDAZOLI. Mama atanunua doti kadhaa, kwa kuwa dozi yake hubadilika mara kwa mara. Herufi ziwe kubwa, tafadhali. Kijana wa famasi husoma akiwa nyuma ya nondo.

Msomaji wenu,
Morogoro