Tiketi ya Jumatatu usiikate

Rafiki yangu Rehema,

Salamu nyingi. Barua yako niliipata jana na tangu hapo sijaacha kutabasamu. Binti yetu anahitimu! Hongera mama. Ila nakuomba sana, ile tiketi ya Jumatatu usiku usiikate. Mahafali yataanza Jumanne saa 3 asubuhi, nawe hutayaona.

Ulivyohesabu nimekuelewa: saa 18 na nusu angani kutoka New York hadi Singapore, unalala, unaamka Jumanne. Saa hizo hazina kosa. Lakini mwezi wa Julai Singapore imeitangulia New York kwa saa 12 kamili. Saa yako ya mkononi hutaigusa hata kidogo, maana saa 2 asubuhi kwako ni saa 2 usiku kwake, mishale iko pale pale. Hapo ndipo watu wengi hupotea. Ukifunga mkanda Jumatatu saa 4 usiku, kule tayari ni Jumanne saa 4 asubuhi, na mwanao yuko ukumbini anakutafuta kwa macho. Utatua Jumatano alfajiri.

Kurudi ni kinyume: ondoka saa 6 mchana, utafika siku hiyo hiyo kama saa 12 na nusu jioni.

Umeniuliza pia kwa nini ni mbali hivyo. Ni kilomita 15,300 hivi, Rehema, na duniani humu miji miwili haiwezi kuachana kwa zaidi ya kilomita 20,000. Ramani ya ukutani isikudanganye kwamba njia fupi inakatiza Ulaya. Chukua tufe la dunia, vuta uzi kati ya miji hiyo miwili: utapita karibu kabisa na Ncha ya Kaskazini. Mimi nilipoujaribu uzi huo mara ya kwanza niliurudia mara tatu kwa mshangao.

Marubani hawaufuati uzi kila siku. Huko juu, kilomita 10 au 11 hivi, huvuma upepo mkali utokao magharibi kwenda mashariki. Ukiwa mgongoni unaisukuma ndege, ukiwa usoni unaichelewesha na kuimalizia mafuta. Basi kila safari hupangiwa njia yake, na ndefu zaidi huweza kuwa ya haraka zaidi. Gawanya 15,300 kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, unapata saa 17. Zinazobaki ni za kupaa, kushuka na kuufuata upepo.

Ukipata ndege ya moja kwa moja, ichukue. Kwa kubadilisha njiani ni saa 22 au zaidi. Inuka utembee mara kwa mara, damu isilale miguuni.

Ondoka Jumamosi usiku. Utafika Jumatatu alfajiri, mtakuwa na siku nzima pamoja, nawe utalala usiku mmoja kitandani kabla ya sherehe. Ukishakata tiketi niandikie siku hiyo hiyo, ili nami nitulie.

Akupendaye,
Mwanaisha