Wazee wa Bara nao wapewe pensheni kama wenzao wa Zanzibar

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme jambo linaloniuma muda mrefu.

Mama yangu naishi nae hapa Mbagala Rangi Tatu, ana miaka 74. Dada yake, tumbo moja, aliolewa Makunduchi kule Unguja toka msichana na ndio kwao mpaka leo. Wote wawili wamelima, wamesuka ukili, wamelea watoto wao na wa wenzao, hakuna aliyewahi kuajiriwa hata siku moja. Lakini mama mkubwa kila mwezi anapokea pensheni jamii na mama yangu hapokei kitu. Zanzibar walianza Aprili 2016, kila mzee mkaazi aliyefika miaka 70 anapewa, ilianza 20,000 baadae ikapandishwa mpaka 50,000, na ni hela ya serikali yao wenyewe sio ya mfadhili. Hawakuulizi una watoto wangapi, nyumba yako ni bati au makuti, wanataka umri, ukaazi na kitambulisho.

Sasa watu wakisikia habari ya kipato cha msingi, yaani kila mtu kupewa hela ya kujikimu bila masharti, wanasema hayo ni mambo ya Ulaya. Ulaya gani jamani, Zanzibar hapo ni mwendo wa masaa mawili tu kwa boti toka Posta.

Najua TASAF, ule mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, ipo tangu 2000 na mpango wa kunusuru kaya maskini umesaidia watu, sibishi. Lakini ule ni mpango wa kuchagua, na mzee kama mama ambaye analala ndani, anakula kwangu, ila hana senti yake mkononi, huyo kwenye kuchagua hahesabiki. Alafu kuchagua kwenyewe kunaumiza. Mwaka mmoja baada ya mafuriko walikuja watu mtaani kugawa magodoro na unga, wakaandika majina, nyumba hii ndani nyumba ile nje, na wote tulikuwa tumelowa. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikaa miezi hanisalimii kwa sababu mimi niliandikwa na yeye hakuandikwa. Tulikuwa tunaombana chumvi sisi. Kitu kikitolewa kwa wote wa umri fulani hakuna wa kumuonea mwenzie wivu na hakuna wa kumpigia magoti mwenye daftari.

Lingine ambalo wakubwa hawalioni, hela ya mzee ni ajira ya kijana. Mimi nauza chapati na supu karibu na kituo cha daladala. Mtaji wangu sio mkubwa, unga, mafuta, nyama na mkaa. Mama akiugua presha au miguu mtaji ndio unaenda hospitali, kesho yake sina cha kupika, mwaka jana nikaenda kukopa laki mbili za kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, na rejesho lake ni kila siku uwe umeuza hujauza, nikafunga genge wiki tatu na yule binti aliyekuwa ananisaidia akarudi kukaa nyumbani. Mdogo wangu ana bodaboda ya mkataba na yeye hivyo hivyo, akimtumia mama elfu kumi siku hiyo hesabu ya bosi haitimii. Wangapi humu Dar biashara zao zimekufa hivi na wanaitwa wavivu?

Na hilo la uvivu limeshapimwa. Kenya, kwenye vijiji vya Siaya na Bomet, kuna utafiti watu wazima wote wa kijiji walipewa hela bila masharti, wengine kwa miaka miwili, wengine wameahidiwa miaka 12, wengine wakapewa yote kwa mkupuo. Watu hawakuacha kazi, wengi waliacha vibarua wakafungua biashara zao, na waliopewa kwa mkupuo walifungua nyingi kuliko wale wa miaka miwili. Sasa mzee wa miaka 70 tunamuogopea uvivu gani?

Hela itatoka wapi, nimepiga hesabu ya jikoni. 50,000 kwa mwezi ni 600,000 kwa mwaka, kila wazee milioni moja ni bilioni 600. Ni nyingi, kweli, lakini bajeti ya 2024/25 ilikuwa trilioni 49.35, kwa hiyo hapo tunaongelea kama shilingi moja na kidogo kwenye kila mia. Na mama kodi analipa, kila akituma mtu dukani sabuni na sukari kodi imo mle mle.

Wabunge wetu wa Dar naomba mlisimamie hili kwenye bunge la bajeti. Kama hazitoshi kwa wote anzeni na wenye 75, mwaka unaofuata mshushe mpaka 70. Mama anatimiza 75 mwakani.

Mama lishe,
Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam