Ukuta Uliolowa Haukauki kwa Kupakwa Rangi

Masika ikiisha Dar es Salaam, mafundi rangi hawashikiki. Maji ya mafuriko yameshatoka, sakafu imedekiwa, ukuta ukiugusa unaona mkavu, na mwenye nyumba anataka wapangaji warudi. Fundi anapiga skimu, anapaka rangi, analipwa. Haupiti muda, rangi inavimba na kubanduka, na chini yake pana chumvi nyeupe na ukungu. Lawama inakwenda kwenye ndoo ya rangi, kumbe tofali lilikuwa bado limeshiba maji.

Ndiyo maana tunafundisha ukaushaji wa majengo kwa mafundi na wasimamizi wa nyumba.

Kinachozua ubishi kila darasa ni madirisha. Tumezoea kufungua kila kitu hewa ipite. Julai sawa, Aprili hapana. Hewa yenye nyuzi joto 30 ikishiba hubeba takriban gramu 30 za mvuke kwa kila mita ya ujazo, na ya nyuzi 20 kama gramu 17 tu. Hewa ya pwani wakati wa mvua, hasa usiku, inakaribia kushiba. Ukiifungulia dirisha unaongeza maji ndani. Kwa hiyo tunapima ndani na nje kwanza. Nje kukiwa na mvuke zaidi, tunafunga chumba, tunawasha mashine ya kufyonza unyevu, na feni tunazielekeza kimshazari zipulize kwa kufuata ukuta. Kiyoyozi nacho husaidia (yale maji yanayodondoka kwenye kibomba chake yametoka kwenye hewa ya chumbani), ila kinaupoza ukuta, na ukuta wa baridi hukauka taratibu.

Kipimo cha unyevu kina mitego yake. Vile vya sindano mbili vingi vimetengenezwa kwa ajili ya mbao, hivyo namba inayosoma kwenye lipu si asilimia halisi ya maji. Chumvi nayo hukidanganya: ukuta wenye chumvi husoma juu hata ukiwa umekauka. Mwanafunzi wetu hutafuta kwanza ukuta ambao haukufikiwa na maji katika nyumba hiyohiyo, anaandika namba yake, kisha anachora kwa chaki mpaka wa unyevu kwenye ukuta uliolowa na kurudi kupima palepale kila asubuhi. Namba zikigoma kushuka, anatafuta bomba linalovuja kabla ya kuongeza feni.

Mwongozo wa S500, unaohusu majengo yaliyoharibiwa na maji, wa IICRC, taasisi ya Marekani inayotoa vyeti kwa mafundi wa kazi hii, hugawa maji katika makundi 3, kuanzia masafi hadi yenye kinyesi. Mafuriko ya mtaani kwetu, ambako watu hutapisha vyoo mvua ikinyesha, yahesabu kundi la 3 bila kubishana. Hapo magodoro na bodi za jipsamu zilizolowa zinatupwa, kuta zinasafishwa na kuuliwa vijidudu, ndipo ukaushaji uanze. Usichelewe pia: ukungu unaweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48. Na umeme uzimwe kwenye swichi kubwa kabla hujaingia, lakini usiifikie swichi hiyo ukiwa umesimama majini.

Cheti chetu si cha IICRC. Anayekitaka hicho atafanya mtihani wao. Darasa ni la watu wachache ili kila mmoja ashike kipimo mwenyewe. Njoo na buti za mvua, maana ukuta wa mazoezi tunaulowesha siku ya kwanza.