Boti za mkopo zitolewe pamoja na somo la njia ya mafuta

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linaloniumiza kila ninapoona boti ikivutwa kwa kamba kurudi hapa Deep Sea, Tanga. Mimi ni fundi wa mashine za kupachika, zile zinazofungwa nyuma ya boti. Vikundi vya wavuvi vimekuwa vikipata boti za fibaglasi na mashine mpya kwa mkopo, na ni jambo jema mno; kijana aliyekuwa akitegemea tanga sasa anafika anakokusudia hata upepo ukikatika. Lakini anakabidhiwa mashine, anapigwa picha, anaonyeshwa namna ya kuvuta kamba ya kuwashia, basi. Njia ya mafuta, kuanzia tangi mpaka kabureta (pale petroli inapochanganywa na hewa kabla ya kuingia kwenye injini), hafundishwi. Na huko ndiko yanakoanzia matatizo mengi ninayoletewa.

Mashine ikizimika baharini, mkono wa baharia huenda kwanza kwenye plagi, ile inayotoa cheche. Plagi ikionekana nzima, anafungua kabureta hapo hapo juu ya mawimbi, skurubu inamponyoka inazama, na tatizo dogo limekuwa kubwa. Ningeomba kila nahodha aanzie upande wa pili, kwenye tangi. Je, kile kiskurubu cha hewa juu ya kifuniko kiko wazi? Wengi hukifunga wanapolibeba tangi begani ili mafuta yasimwagike, na wakishapanda chomboni hawakikumbuki tena. Mashine inawaka vizuri, inakwenda dakika chache, inafifia, inazima, kwa sababu petroli inavutwa na hakuna hewa inayoingia kushika nafasi yake. Fungua kifuniko: ukisikia hewa inaingia kwa nguvu, umeshapata jibu, iache kabureta ya watu.

Kisha shika kile kipira cha kubinya kwa mkono, kilicho kwenye mpira wa mafuta kati ya tangi na mashine. Ndani kina vali mbili za kupitisha mafuta upande mmoja tu, na mshale uliochorwa juu yake lazima uelekee kwenye mashine; nimeletewa vilivyofungwa kinyume. Hakuna kifaa kinachonieleza mengi kama hiki. Kikinywea na kubaki kimebonyea mashine ikiwa inanguruma, kizuizi kiko nyuma yake, upande wa tangi: hewa, chujio la ndani ya tangi, au mpira wenyewe. Ukikibinya na kukibinya bila kuwa kigumu, ama kuna mahali panapovuta hewa, hasa kwenye oringi (kile kipete cha mpira) ya kiungio au pale mpira ulipokazwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli badala ya klipu, ama vali zake zimechoka. Au petroli inapita moja kwa moja na kufurika kwenye kabureta kwa kuwa sindano ya boya, ile inayofunga mafuta kabureta ikijaa, haifungi, na hapo pua itakujulisha kabla ya macho. Mashine ikiendelea kuishi pale tu unapobinya bila kuacha, itazame pampu ya mafuta. Pampu hii ni utando mwembamba unaosukumwa na mapigo ya hewa ya ndani ya injini yenyewe. Ukikakamaa au ukitoboka, haina nguvu tena ya kuvuta. Kuubadilisha si kazi kubwa kama utando mpya upo.

Mpira wa mafuta nao huficha ugonjwa. Msimu wa kusi (upepo wa kutoka kusini) uliopita nililetewa mashine ya kikundi kimoja cha kusini mwa jiji, bado iko kwenye deni. Walikuwa wamekwisha kuuziwa plagi na kuambiwa kabureta imekufa. Ukienda polepole inakwenda, ukifungua mafuta mpaka mwisho inalegea na kukohoa. Niliupasua mpira kwa kisu mbele yao. Nje ulikuwa unang'aa, ndani ngozi yake imebanduka. Petroli ikipita taratibu kigamba kinalala, ikivutwa kwa kasi kinainuka na kuziba njia. Wazee wa kikundi walikipitisha kile kipande mkono kwa mkono bila kusema neno. Kwa bahati mbaya walikuwa wameiendesha hivyo kwa muda mrefu, na pistoni ilikuwa imekwisha kukwaruzika.

Hapo ndipo penye hasara yenyewe, na laiti lingeandikwa kwenye kila mkataba wa mkopo. Mashine nyingi za huku ni tu-stroki ambazo oili yake unaichanganya na petroli, nyingi kwa kipimo cha 50 kwa 1, yaani nusu lita ya oili kwa lita 25 za petroli (kitabu cha mashine yako ndicho cha kufuata, na ikiwa mpya kipimo cha siku za mwanzo ni kingine). Oili haina njia nyingine ya kufika kwenye pistoni. Kwa hiyo mashine inayonyimwa petroli inanyimwa oili papo hapo. Inapata joto, pistoni inakwaruza silinda, mwisho inakwama kabisa. Kimpira cha bei ndogo kinaua mashine ya mamilioni, na marejesho ya mkopo hayasubiri.

Maji ni balaa jingine. Petroli tunayotumia pwani husafiri kwa madumu, na dumu halioshwi wala halikaushwi sawasawa. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini ya tangi, na chini ndiko mafuta yanakovutwa. Kuchuja kwa kipande cha kanga kunazuia mchanga, maji usiyategemee kuzuilika, na nyuzi za kitambaa huenda kujisokota kwenye chujio. Weka petroli kidogo kwenye chupa angavu, iache itulie, uitazame chini. Mashine ikizima ghafla baada ya kujaza tangi, legeza skurubu ya chini ya kabureta, kinga kwenye chupa hiyo hiyo, uone. Chujio la kutenganisha maji, lile lenye kikombe cha kuonea, linafaa kuwa sehemu ya boti ya mkopo kama nanga ilivyo. Na tangi lijazwe nchi kavu, kwa maana mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama ndani ya boti. Sigara moja inatosha.

Naomba wasomaji wasiojua bahari yetu waelewe kwa nini nasisitiza hivi. Ukishatoka nje ya kisiwa cha Yambe na kuingia mkondo wa Pemba, kina ni cha mamia ya mita na kamba ya nanga ya mvuvi haifiki chini. Maji huko huelekea kaskazini, na wakati wa kusi upepo nao unasukuma huko huko, kuelekea Moa na Jasini, kisha maji ya Kenya. Kwa hiyo mashine ikianza kusitasita ungali kwenye kina kifupi, tupa nanga kwanza ndipo ushike spana.

Ninaloomba kwa wanaotoa mikopo na kwa halmashauri zetu ni siku moja ya mafunzo kabla ya makabidhiano, na ifanyike ufukweni kwa mikono, si ukumbini kwa maneno. Kila kikundi kipewe kipira cha akiba, mpira, klipu na utando wa pampu. TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) wanapokagua vyombo vidogo, pamoja na maboya ya kuokolea waangalie na mpira wa mafuta. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, nao wasaidie vituo vidogo vya mafuta vifike karibu na madiko (mahali wavuvi wanaposhushia samaki) kama Kigombe, ili mvuvi asitegemee dumu la mtu asiyemjua. BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ziamue nani afundishwe, na nashauri wasichague mwenyekiti pekee, wamchague na yule kijana anayekaa nyuma kwenye mashine.

Mafundi wa Deep Sea na Sahare tupo. Vipira vibovu na mipira iliyobanduka ya kufundishia tunayo ya kutosha; tukiitwa tutakuja nayo.

Fundi wa mashine za boti,
Deep Sea, Tanga