"Mama, We Mtu Mzima, Gemu za Nini?"

Stuttgart,
29 Septemba 2025

Kwa Meneja,
Kampuni ya Safari (jina nimelifuta katika nakala hii, ninyi mnajijua).

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SAFARI YA MAONYESHO YA GEMU ZA KOMPYUTA YA GAMESCOM, KÖLN, JUMAMOSI TAREHE 23 AGOSTI 2025, KITI NAMBA 14

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana. Mama yangu alinifundisha kwamba ukikosewa, ngoja hasira ishuke ndipo uandike. Nimengoja siku 37. Haijashuka, basi naomba mnivumilie kama mimi nilivyowavumilia ninyi.

Masharti yenu sitawasimulia, mliyaandika wenyewe. 

Asubuhi ile, kwenye lango la kusini la maonyesho, pale mtaa wa Deutz, kijana wenu wa fulana ya njano alisimama mbele yetu na simu mkononi akiita majina. Tulikuwa abiria 14 tuliolipa. Aliita majina 14. Langu halikuwemo. Kila aliyeitwa alisogea, tiketi yake ikaskaniwa, akafungwa mkanda wa mkononi, akapita. Mimi nikabaki nje ya kamba. Nikamwambia kwa upole, "Mwanangu, mimi hujaniita." Akatazama simu, akasema kuna hitilafu ya mtandao. Nikamwomba aangalie tena. Ndipo aliponijibu, mbele ya wenzangu wote: "Mama, we mtu mzima, gemu za nini? Nenda kaone kanisa, lipo hapo ng'ambo ya daraja. Jioni tutakupitia." Kisha akaingia. Hakugeuka nyuma.

Mlinzi wa pale mlangoni, Mjerumani asiyenijua, ndiye aliyenihurumia. Alinieleza taratibu kwamba tiketi haziuzwi mlangoni, zinanunuliwa mtandaoni tu, na za Jumamosi zilikuwa zimeshakwisha. Kwa hiyo waandaaji wa maonyesho sina ugomvi nao. Ugomvi wangu uko na ninyi, mliopokea Euro 219 zangu tarehe 6 Juni kwa ajili ya basi, kitanda cha hosteli usiku mmoja, tiketi ya Jumamosi na "mwenyeji atakayekushika mkono kama hujawahi kufika". Maneno hayo ni yenu. Niliyaamini, maana kweli sikuwahi kufika. Nilisikia kwamba maonyesho yale hupokea watu zaidi ya 300,000 kwa siku zile chache, kwamba foleni ya gemu moja inaweza kukula nusu siku, kwamba watu huenda na vigoda vya kukunja. Nikasema mimi peke yangu nitapotea, bora niende na watu wa nyumbani wanaosema Kiswahili. Kigoda nilinunua. Mpaka leo hakijakaliwa, kina lebo ya bei.

Labda mnajiuliza mwanamke wa miaka 43, muuguzi wa nyumba ya wazee, alifuata nini huko. Nitawajibu ingawa si lazima. Mimi nikitoka zamu ya usiku sipati usingizi mara moja. Tangu nifike Ujerumani usingizi huo nimekuwa nikiusubiri na gemu moja la wadudu, Hollow Knight, lililotengenezwa na watu wachache mno huko Adelaide, Australia. Mwendelezo wake, Silksong, ulitangazwa Februari 2019. Miaka sita na nusu tukangoja. Mhusika wake ni Hornet, binti wa joho jekundu na kinyago cheupe chenye pembe, na silaha yake ni sindano na uzi. Sindano, ndugu Meneja. Mimi naishika sindano kila siku ya Mungu, na kabla ya uuguzi niliishika ya cherehani pale Morogoro dukani kwa mama. Mwaka huu ikatangazwa kwamba Silksong litakuwepo Gamescom, kwenye banda la Xbox, wale wa mashine za gemu, na watu watalishika kwa mikono yao. Nilibadilishana zamu tatu za usiku na mwenzangu ili nipate Jumamosi hiyo moja. Joho kama la Hornet, la kuvaa siku hiyo, nililishona kwa wiki mbili. Kinyago nilikiunda kwa magazeti na gundi ya unga wa ngano, tabaka juu ya tabaka, kama tulivyofanya shule ya msingi. Sindano niliikata kwenye sponji laini, kwa kuwa nilisoma kwamba silaha za kuigiza hukaguliwa na sikutaka kumpa mtu sababu ya kunizuia mlangoni.

Sababu mlikuwa nayo ninyi.

Kurudi Jumapili ndiko kulikonimaliza. Saa za njiani mpaka Stuttgart nimekaa kiti namba 14, na wenzangu wananionyesha picha. Dada mmoja alipanga foleni kwa Silksong, akacheza. Akaanza kunihadithia, akaona uso wangu, akanyamaza. Kijana wenu alikaa mbele kabisa na yule rafiki yake aliyepanda Frankfurt, ambaye kwenye orodha ya abiria mliyotutumia Alhamisi hakuwepo. Nitamrudia huyo.

Baada ya kuachwa, nilikwenda kweli kuliona kanisa. Ningefanya nini? Begi langu lilikuwa kwenye basi, basi sijui liliegeshwa wapi, na hosteli mliandikisha kwa jina la kijana wenu, kwa hiyo watu wa mapokezi walinigomea. Nikavuka lile daraja lililojaa makufuli ya wapenzi kwa miguu, ndani ya joho jekundu, sindano begani. Nikakaa kwenye ngazi za Dom, yaani kanisa kuu la Köln. Kibao kinasema kanisa hilo lilianza kujengwa mwaka 1248 likamalizika 1880. Miaka 632. Nikasema moyoni, naam, hapa ndipo kampuni niliyoilipa ilipojifunza kushughulikia wateja. Akapita mtoto wa kike wa miaka kama kumi akiwa na baba yake, akapiga kelele, "Hornet!" Akataka tupige picha. Mtoto wa Kijerumani alinitambua kwa mbali. Kijana niliyemlipa hakunitambua hata kama mteja.

"Jioni tutakupitia" ilikuwa saa tatu na robo usiku.

Nimewaandikia ujumbe mara nne. Mmejibu mara moja, tarehe 5 Septemba, nami naunakili kama ulivyo: "Pole dada. Ila gemu lenyewe limeshatoka jana, bei ni ndogo tu, si ucheze nyumbani." Ni kweli, Silksong lilitoka tarehe 4 Septemba na bei yake ni karibu Euro 20. Nimelinunua. Nalicheza. Lakini mtu akilipia harusi, akafungiwa mlango, humwambii kwamba pilau inauzwa hata mtaani kwake. Nililipia kusimama katikati ya watu wanaopenda ninachopenda. Huku ninakofanya kazi hakuna mwenzangu hata mmoja wa kuzungumza naye habari hizi. Nilitaka siku moja tu.

Sasa naomba nirudi pale getini, maana kuna mambo niliyapunguza hapo juu kwa aibu, na aibu si yangu.

Kabla ya kuita majina, kijana wenu aliniomba kinyago. Alisema, "Mama, hebu nikione hicho kichwa cha mbuzi." Watu wakacheka, nami nikacheka, nilidhani ni utani wa safarini. Akakivaa, akampa rafiki yake wa Frankfurt simu ampige picha. Kisha akaanza kuita majina akiwa nacho kwapani. Jina la kumi na nne lilikuwa la rafiki yake. Tiketi za pale zina jina, na anayejaza jina ni aliyenunua. Aliyenunua ni ninyi. Kwa hiyo hakukuwa na hitilafu ya mtandao wala ya umeme. Alijua tangu Frankfurt, pengine tangu Ijumaa, na akapata nafasi ya kufanya mzaha na kinyago changu huku anajua kwamba sitakivaa ndani. Nilipomwambia "Mwanangu, mimi hujaniita," hakutazama simu kwanza kama nilivyoandika. Kwanza alimtazama rafiki yake, wakacheka kidogo. Ndipo akasema maneno yale ya mtu mzima na kanisa. Sauti haikuwa ya ukali, ingekuwa ya ukali ningemjibu. Alisema kwa upole, kama unavyomwelekeza bibi aliyepotea stendi. Halafu akanirudishia kinyago kwa kukirusha juu ya kamba, kikaanguka kwenye lami, pembe ya kushoto ikakatika. Dada mmoja wa kundi letu akasema, "Jamani!" Hakuna mwingine aliyesema neno. Niliinama kuokota pembe, na nilipoinuka alikuwa ameshapita.

Mtu mzima, gemu za nini. Chama cha kampuni za gemu hapa Ujerumani, ambacho ni mmoja wa wenye maonyesho yale, kinasema wastani wa umri wa wachezaji wa nchi hii umeshapita miaka 35. Na pale kazini kwangu tuna mzee wa miaka 86 ambaye kila Jumatano anacheza gemu la kuviringisha mpira mbele ya runinga, na ole wako uingie ukae mbele ya skrini. Hatujawahi kumwambia akaone kanisa. Tunamsogezea kiti.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kudai Euro 219 zangu tu, yaishe. Tena nilikuwa tayari kuwaachia za basi, maana basi nililipanda. Nilivyokuwa naandika nimeona huo ni ujinga. Nataka zote. Vocha sitaki, msinitumie vocha. Nataka na barua ya kuomba radhi iliyosainiwa na wewe Meneja, si "pole dada" ya WhatsApp, na kijana wenu aombe radhi kwenye kundi lile lile la safari, mbele ya wale wale waliosikia.

Nilikuwa nimefika hapo jana jioni, nikafungua simu, nikakuta tangazo lenu: "Gamescom 2026, tarehe 26 hadi 30 Agosti, nafasi ni chache, jiandikisheni mapema." Na picha iliyopamba tangazo ni kijana wenu amevaa kinyago changu. Pembe zote mbili zikiwa nzima.

Nimeitazama picha hiyo mpaka chai ikapoa.

Kwa hiyo madai yameongezeka. Picha hiyo iondoke leo, si kesho. Kinyago nilikiunda mimi, sikuwapa ruhusa ya kukifanyia biashara. Kuhusu fedha, mwenzangu kazini amenieleza jambo ambalo ninyi, kama wenye kampuni iliyosajiliwa huku, hamwezi kusema hamlijui. Ukiuza basi, kitanda cha kulala na tiketi katika bei moja, umeuza safari kamili, na hiyo ina sheria yake: kifungu cha 651a na kuendelea katika sheria ya kiraia ya Ujerumani. Kifungu cha 651n kinampa msafiri haki ya kulipwa hata kwa siku ya mapumziko iliyopotezwa bure. Yangu mliipoteza yote. Na kabla ya kupokea fedha zangu mlipaswa kunipa hati ya dhamana ya fedha hizo endapo kampuni itafilisika, wanayoiita Sicherungsschein. Nimepekua barua pepe zangu zote tangu Juni. Haipo. Mngependa nimuulize nani mwingine kuhusu hati hiyo?

Nawapa siku 14, mwisho Jumatatu tarehe 13 Oktoba. Nataka Euro 219 za safari na Euro 100 za siku yangu. Joho na kinyago sivitozi, hamna fedha ya kuvilipia. Tarehe hiyo ikipita, jalada linakwenda kwenye kituo cha kutetea walaji hapa Stuttgart, na kutoka hapo kwa wakili. Bima ya wakili ninayo, nalipa kila mwezi na sijawahi kuitumia hata mara moja. Orodha ya abiria ya Alhamisi nimeihifadhi. Stakabadhi ya tarehe 6 Juni nimeihifadhi. Ujumbe wa "si ucheze nyumbani" nimeuhifadhi. Dada aliyesema "Jamani!" amekubali kuandika alichokiona, na ameniambia si mimi wa kwanza kukosa tiketi katika safari zenu.

Mkiniandikia, niandikieni kwa barua pepe au posta. Msinipigie simu. Nikiwa zamu sipokei, na nisipokuwa zamu nacheza.

Wenu,
Abiria wa kiti namba 14

Viambatisho: nakala ya stakabadhi, orodha ya abiria, picha ya tangazo lenu, na picha ya pembe ya kushoto.