Kung'oa jino ni dakika kumi, maelezo je?

Mhariri, salamu. Mi ni msomaji wenu hapa Walukuba, Jinja, naomba nafasi niongee kuhusu hizi kliniki zinazong'oa meno.

Mdogo wangu anaendesha bodaboda. Mwezi uliopita alitolewa gego la chini, kazi ya dakika kumi tu, akapewa pamba aiume, haya mwingine aingie. Karatasi pekee aliyotoka nayo ni risiti. Hakuna aliyemwambia kwamba ile damu inayoganda kwenye shimo ndo kifuniko cha mfupa, ikitoka mfupa unabaki wazi. Sasa yeye jioni hiyo hiyo akasukutua maji moto ya chumvi kwa nguvu, shangazi ndo alimshauri kwa nia nzuri kabisa, alafu akaenda kunywa malwa, ile pombe ya ulezi, na wenzake, na malwa mnaijua, ni mrija mrefu unavuta, na sigara juu yake.

Usiku wa tatu akaamka analia, mtu mzima, kashika sikio. Nikammulika kwa tochi ya simu, shimo tupu, ndani peupe, harufu mbaya. Kliniki ile ile wakasema ni kawaida, meza Panadol. Duka la dawa wakatuuzia amoksilini, wapi, maumivu yale yale. Dokta mwingine ndo akaliosha lile shimo akaweka dawa yenye mafuta ya karafuu, saa moja haijaisha mtu anaomba chai.

Kumwambia mgonjwa uma pamba nusu saa, leo usisukutue wala kutematema, mrija na sigara acha siku kadhaa, inachukua muda gani jamani? Chumvi sio mbaya ila ianze kesho yake, maji vuguvugu, polepole. Na kubwa zaidi waseme uvimbe ukishuka shingoni, una homa, mdomo haufunguki au mate hayamezeki, usingoje kuche, kimbia hospitali kubwa, maana unaweza kuziba pumzi.

Kiswahili ni lugha rasmi ya pili hapa Uganda tangu 2005, kwa hiyo bandikeni hayo mlangoni kwa Kiswahili, Luganda na Lusoga, karatasi moja tu inatosha. Mdogo wangu alikaa siku tisa bila kazi na pikipiki ni ya mkopo, mwenyewe anataka hela yake kila wiki.

Msomaji, Walukuba, Jinja